Bustani Yenye Majani Yaliyoliwa

Ukisema una bustani ya maua hapa Garsen, watu hukutazama usoni kuona kama unatania. Maua ni ya Malindi, kwa wenye mifereji isiyokauka na vijana wa kumwagilia. Huku kwetu udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi mpaka ukwato wa mbuzi unanasa, na mvua zikishika huko Nyandarua na Mlima Kenya, Mto Tana hutufuata hadi mlangoni hata kama hapa penyewe halijadondoka tone. Halafu kuna mbuzi wenyewe. Hata hivyo nimepanda kwa ajili ya nyuki na vipepeo karibu maisha yangu yote, kwanza Ngao nilikolelewa, na sasa Minjila ninakoishi tangu nistaafu ualimu. Nina maoni yangu kuhusu jambo hili, na baadhi yake hayapendwi na majirani.

Chukua bogonvilia. Ndiyo inayopandwa kwenye kila lango la ofisi, na simlaumu anayeipanda: haidai maji mengi na ina miiba. Lakini ule wekundu unaouona kutoka barabarani si maua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kibomba chembamba cheupe kilichojificha katikati, kirefu kiasi kwamba ulimi wa nyuki wa asali haufiki chini. Kipepeo mwenye ulimi mrefu hupata kitu, nyuki hupita. Waridi za kununuliwa kwenye vitalu nazo zimezalishwa ziwe na petali nyingi mpaka mdudu hana pa kuingilia. Uga unaweza kuwaka rangi mwaka mzima na bado ukawa jangwa kwa wadudu.

Bibi yangu kule Ngao hakuwahi kuwa na kitu alichokiita bustani. Alikuwa na uga uliofagiliwa, na pembeni mwake kila mmea ulikuwa na kazi. Mndimu ulisimama nyuma ya bafu la makuti, ukinywa maji ya kuogea. Mrehani ulikuwa karibu na mlango. Mihina ilipandwa kwa vipandikizi kando ya ua, na siku za Idi na harusi wanawake kutoka vijiji vya jirani walikuja kununua majani yake. Boga lilitambaa hadi juu ya paa la jiko. Hatua chache nje ya uga kulikuwa na mkwaju mkubwa ambamo babu alitundika mizinga yake ya magogo.

Mrehani ule bibi aliuchuma nusu tu. Tulipotumwa kukata majani, tulikatazwa kugusa upande uliokwisha kutoa mashada. “Huo una wenyewe,” alisema. Na wenyewe walikuwa pale kabla jua halijawa kali: nyuki wa asali kutoka mkwajuni, na wale nyuki wadogo weusi wasiouma, ambao hata inzi wa nyumbani anawazidi kwa umbo. Mihina pia aliipogoa kwa zamu, safu moja ikikatwa na nyingine ikiachwa ichanue. Ua la hina ni dogo, la rangi ya maziwa, halina sura ya kumsimamisha mtu. Jioni harufu yake hujaa uga mzima, na asubuhi mti huvuma.

Thamani ya mambo hayo niliiona vizuri baadaye, katika shamba la mjomba karibu na Wema. Mjomba aliingia kwenye matikiti wakati watu wengi wa bondeni walipokuwa wakiingia, malori yakija kununua shambani. Alifyeka kila kitu, hakuacha kichaka. Kila baada ya siku chache, asubuhi na mapema, vijana walibeba bomba mgongoni wakapuliza dawa. Mimea ilistawi ajabu, majani mapana, maua ya manjano tele. Matunda yakatoka machache, na mengi ya hayo machache yalipinda, upande mmoja umejaa na wa pili umesinyaa. Mjomba alilaumu mbegu. Muuza mbegu alilaumu mbolea.

Afisa wa kilimo aliyepita siku moja hakuuliza habari za mbegu wala mbolea. Alichuchumaa, akafunua majani, akatuonyesha maua mawili ya mmea mmoja. La kwanza lilisimama juu ya kikonyo kitupu. Hilo ndilo la kiume. La pili lilikuwa na tikiti chini yake tayari, dogo kama harage, lenye manyoya, na hilo ndilo la kike. Ua la tikiti hufunguka alfajiri, na likifika alasiri limekwisha. Halina siku ya pili. Katika saa hizo chache sharti nyuki atoke kwenye la kiume na chavua mwilini, atue kwenye la kike, kisha aje mwingine, na mwingine tena. Ndani ya ua la kike mna sehemu tatu za kupokea chavua, na ikiwa mojawapo haikupata ya kutosha, tunda halijazi upande wake. Saa hizo hizo za asubuhi ndizo bomba la dawa lilipokuwa likipita.

Msimu uliofuata mjomba alihamishia dawa jioni, maua yakishafunga, na upande wa mto akaacha mikunazi na miswaki iote tena. Ningependa kusimulia kwamba matikiti yalinyooka yote. Yalianza vizuri, wengi walishuhudia, kisha ng’ombe waliingia shambani usiku na mazungumzo yakawa ya fidia. Lakini lile la kupuliza dawa asubuhi halikurudi tena katika ukoo wetu.

Hayo ni ya nyuki. Kuhusu vipepeo nilifundishwa Gede. Mradi wa Kipepeo ulianzishwa pale mwaka 1993, pembeni mwa magofu, na mwanasayansi Ian Gordon, ili wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wapate riziki kutokana na msitu uliosimama badala ya uliokatwa. Wakulima hufuga vipepeo katika vizimba vya neti, na pupa wao huuzwa Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho, ambako hutoka na kuruka mbele ya watoto waliovaa masweta. Nilikwenda na kikundi cha akina mama kutoka huku kwetu, tukitegemea kuonyeshwa maua. Mama mfugaji aliyetupokea alituonyesha majani. Miche ilikuwa kwenye makopo na mifuko, hata mmoja haukuwa na ua, na mingi ilikuwa imetafunwa ikabaki mishipa.

“Ua analipitia tu,” alituambia. “Mayai anataga kwenye jani, tena si jani lolote, dada zangu.”

Kipepeo jike hutua juu ya jani na kulionja kwa miguu. Asiporidhika, anaondoka. Kila aina ina mti wake au ukoo wake wa miti, na kiwavi akianguliwa mahali pasipo pake hufa njaa akiwa amezungukwa na majani mabichi. Kwa hiyo mtu anayepanda maua peke yake anawakaribisha vipepeo waliozaliwa kwa mwingine. Siku yule mwingine akifyeka kichaka chake, maua yako yatabaki bila mgeni. Katika gari la kurudi akina mama waligawanyika. Wengine walisema hawawezi kupanda kitu ili kiliwe na viwavi. Niliwajibu kwamba sote tunapanda mahindi ili yaliwe na nyani, tena bila kuonyeshwa na mtu.

Mndimu ndio mti ninaoanza nao kila ninapoulizwa, kwa sababu wengi wanao tayari na wengi wanapigana na mgeni wake bila kumjua. Tazama majani machanga ya nchani. Utaona yai moja moja, la mviringo, rangi ya manjano hafifu. Kiwavi akitoka huwa wa kahawia na mabaka meupe, na ukimwona umbali wa mkono utaapa ni kinyesi cha ndege. Nadhani ndege nao huapa hivyo hivyo. Akikua hugeuka kijani chenye mistari ya kahawia, mnene, mtulivu. Mguse kidogo nyuma ya kichwa. Ghafla hutoa pembe mbili laini zenye rangi ya chungwa, na harufu kali ya ndimu iliyooza hukurudisha nyuma. Hana mwiba wala sumu ya kukudhuru, ni vitisho tu. Wanafunzi wangu niliowahi kuwaonyesha walikimbia wote, kisha wakarudi wote wakitaka arudie.

Huyo huja kuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano iliyofifia, yule anayekatiza uga mchana wa jua kali kana kwamba ana miadi. Watu humpenda huyo na kumuua yule. Mndimu uliokomaa haumhisi. Utapoteza majani ya matawi machache na mvua ikija utachipua. Mche mchanga ndio unaoweza kumalizwa, na dawa yake ni vidole: mchukue kiwavi umhamishie kwenye mti mkubwa. Mndimu una shida nyingine kubwa zaidi huku kwetu, nayo ni maji yaliyotuama. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalikaa kwenye mashamba muda mrefu, na mindimu iliyopandwa bondeni ilioza mizizi ikakauka imesimama. Bibi aliupanda wake juu ya kichuguu kilichosawazishwa. Nami huwaambia watu wainue tuta hadi magotini kabla ya kupanda, hata kama mwaka huo ni wa ukame na jirani anacheka.

Mimea mingine haihitaji kupandwa kabisa, inahitaji kuachwa. Kuna kile kichaka cha majani mapana ya kijivu kinachoota kando ya barabara na kwenye viwanja vilivyochoka, ukivunja jani linatoka utomvu mweupe, na mbuzi hukipita kana kwamba hakipo. Viwavi wake wana mistari myeusi, myeupe na ya manjano, wala hawajifichi, kwa kuwa sumu ya utomvu imeingia miilini mwao na ndege wanajua. Humo ndimo anamotoka yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zilizotiwa nukta nyeupe. Maua ya zambarau ya kichaka hicho hutembelewa na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa, wale ambao mafundi huwaua bila huruma. Mwenye mkarakara uani afikiri mara mbili kabla ya kumruhusu fundi, maana ua la karakara ni pana mno kwa nyuki wa asali, na huyo mkubwa ndiye anayelifikia sawasawa kwa mgongo wake. Utomvu wa kichaka kile usiruhusu uwaingie watoto machoni. Kiache nyuma ya uga.

Mswaki nao ni hivyo hivyo. Sisi tunaujua kwa meno, na watoto wanaujua kwa matunda yake yanayowasha ulimi. Majani yake hulea vipepeo wadogo wa rangi ya waridi iliyochanganyika na chungwa, mabawa yamepigwa pindo jeusi. Mswaki uko kila mahali kati ya hapa na Hola. Unachotakiwa kufanya ni kumzuia anayekufanyia usafi asiung’oe.

Sasa nije kwenye lile lisilopendwa. Mti wa mathenge uliletwa Bura na Hola miaka ya 1980, ili watu wapate kuni na udongo upate kivuli. Uliota, ukapenda, ukashuka na mto. Ng’ombe na mbuzi hula maganda yake matamu, na mbegu hutoka kwenye samadi zikiwa tayari kuota. Leo umeziba njia za kwenda majini na kutoboa magurudumu ya bodaboda. Huko Baringo watu walikwenda mahakamani wakiwa na mbuzi kibogoyo, ushahidi wa kile ambacho maganda hayo hufanya kwenye meno. Yote haya yanajulikana. Lakini muulize mfuga nyuki yeyote wa Tana River, atakuambia kwa sauti ya chini kwamba mathenge huchanua wakati miti mingine imekauka, na kwamba mizinga yake isingepita kiangazi bila huo. Anasema kweli. Mimi mwenyewe nimekula asali yake na ni nzuri.

Jirani yangu ni mzee wa Kiorma aliyepoteza malisho mengi kwa mti huo. Aliponiona nimesimama chini ya mathenge nikiwatazama nyuki, hakuficha.

“Mwalimu, nyuki wako wameshiba. Ng’ombe wangu watakula wapi?”

“Mzee wangu, sijaupanda mimi.”

“Basi usiusifu.”

Tumebishana naye mara nyingi kuhusu hilo, na lililonihamisha si ng’ombe, bali lile somo la Gede. Mathenge humpa nyuki ua, lakini chini yake haioti miswaki, hazioti nyasi, hakioti chochote ambacho kiwavi wa hapa anaweza kukila. Nyuki wanashiba na vipepeo wanahama. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: asali ya mathenge uliopo ivunwe, tena iuzwe bila aibu, lakini asipatikane mtu wa kuupanda kwa kisingizio cha nyuki, na ulio karibu na nyumba ukatwe. Mwarobaini ninauhesabu karibu na hapo. Nyuki huja kwenye maua yake, na kivuli chake kimewaokoa wengi, lakini sijaona kiwavi akilitafuna jani lake. Mmoja uani unatosha.

Badala yake napanda mkunazi. Maua yake ni ya kijani-njano, madogo, hata hutayaona usipokaribia, lakini nyuki huyajaza. Majani yake hulea vipepeo wadogo wa samawati ambao wakikunja mabawa huonekana wana madoa meusi juu ya weupe. Matunda ni ya watoto, ya ndege na ya mbuzi. Ukame hauusumbui, na baada ya maji ya 2023 kushuka niliikuta mikunazi yangu imesimama kama nilivyoiacha. Kama ningeambiwa nichague mti mmoja tu kwa ajili ya Garsen, nisingefikiria muda mrefu.

Lakini mti mmoja hautoshi, na hapa ndipo bustani nyingi hukosea hesabu. Mvua ikinyesha, hakuna nyuki anayehitaji msaada wako: kunde zinachanua, ufuta unachanua, maboga, magugu ya kila aina. Njaa huanza baadaye, unyevu wa mwisho wa masika ukishaondoka na tena kati ya Januari na mvua za Aprili. Ndiyo maana nasisitiza miti yenye mizizi mirefu kuliko maua ya kumwagiliwa: mgunga, mkunazi, mkwaju, kila mmoja na wakati wake. Mwembe huchanua sana lakini ukitazama vizuri utaona inzi ni wengi kuliko nyuki, na hilo lisikusikitishe, kwani inzi hao ndio wanaokupa maembe. Walio Kipini na Ozi wana bahati yao: minazi hutoa maua mwaka mzima, na mikandaa ya mchu iko karibu.

Na maji. Kiangazi nyuki hufuata mifereji na mitungi, watoto wanaumwa, na mtu anachukua moto. Weka beseni mbali na mlango, tia mawe yanayochungulia juu ya maji ili wapate pa kusimama, na usiliache likauke hata siku moja, maana wakishazoea kisima cha jirani huwarudishi. Mizinga pia iwe mbali na zizi. Nyuki wetu si wapole, na ng’ombe aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Ukitaka kuanza na mkunazi, ujue miche yake haiuzwi. Nimeulizia kwenye vitalu mpaka Malindi, nikapewa michungwa. Unaokota kokwa chini ya mti mkubwa, unaigonga kwa jiwe taratibu mpaka ipate ufa bila kuponda mbegu iliyo ndani, unailoweka usiku kucha, kisha unaipanda kwenye mfuko wa maziwa uliotobolewa chini. Ikishaota na kufikia kimo cha kiganja, ihamishie ardhini mvua za Aprili zikiwa zimeshika. Mbuzi ataijua siku hiyo hiyo. Izungushie matawi ya mathenge yaliyokatwa, lakini hakikisha hayana maganda, la sivyo utakuwa umepanda miti miwili. Mimi hukatiwa na yule mzee jirani, na hajawahi kunidai hata shilingi.